Maswali ya Wasomaji: Ujuzi Uliomo Kichwani ni wa Nani?

Barua za mwezi huu zimetoka pande mbalimbali za Mombasa, na ingawa walioziandika hawajuani, karibu wote wanauliza jambo moja: ikiwa siku hizi mtu hulipwa kwa kile anachokijua, akifanyie nini ili kisimponyoke? Nimezifupisha bila ya kubadili maana, na nimeanza na ile iliyonisumbua zaidi.

Nimeambiwa niandike kila ninachokijua

*Maalim, assalamu alaykum. Mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa mjini, na kazi hii nimeifanya tangu ujana wangu. Juzi mkurugenzi aliniita akanitaka niandike mwongozo wenye kila ninachokijua, ili vijana wawili walioajiriwa karibuni wausome. Hakuniambia mimi nitakuwa nani baada ya hapo. Wenzangu wanasema niandike nusu, nusu nibaki nayo. Wewe wanishauri nini?*
— Karani, Majengo

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Hofu yako ina msingi, wala sitakuambia uiondoe moyoni eti kwa kuwa elimu haipungui kwa kutolewa. Elimu haipungui, ni kweli, lakini mshahara hupungua, na mkubwa anayekutaka utoe ulicho nacho bila ya kukueleza nafasi yako ya kesho amekubebesha wewe peke yako hasara yote inayoweza kutokea. Hata hivyo, ushauri wa kuandika nusu ni mbaya, na ubaya wake hautokani na suala la uaminifu tu, bali na kazi yako yenyewe ilivyo.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo inayoonekana kwa macho ni taratibu: nyaraka zipi zinatakiwa, zinaingizwa wapi katika mfumo, nani huidhinisha kabla ya nani. Hayo kijana hodari huyajua kwa miezi michache, na ukimficha atayapata kwa karani wa ofisi ya jirani. Ugumu uko pale mteja anapoleta bidhaa inayoweza kuingia chini ya namba mbili za ushuru, na tofauti baina ya namba hizo ni fedha nyingi. Mfumo wa kuainisha bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani umetumika tangu mwaka 1988. Tarakimu zake sita za mwanzo ni zile zile katika bandari za Kilindini, Rotterdam na Yokohama, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza mbili za kwake. Kanuni kuu za kuufasiri ni sita tu, na mtu aweza kuzisoma zote asubuhi moja kabla ya chai ya saa nne. Mojawapo husema kwamba kifaa kilicholetwa kikiwa vipande vipande huhesabiwa kuwa kifaa kizima. Nyingine husema kwamba bidhaa iliyochanganyika huainishwa kwa kile kinachoipa sifa yake kuu. Lakini sifa kuu ya kitu hiki kilicho mbele yako leo ni ipi? Hapo kanuni hunyamaza na karani husema, naye hujua la kusema kwa sababu ameyashuhudia mabishano ya namna hiyo kwa miaka mingi, akaona ni yapi yaliyomalizikia kwenye faini na ni yapi ambayo ofisa wa forodha aliyakubali baada ya kuonyeshwa karatasi moja tu ya mtengenezaji.

Ujuzi wa aina hiyo hauandikiki wote hata ukitaka. Michael Polanyi, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria aliyegeukia falsafa, alieleza mwaka 1966 kwamba binadamu anajua zaidi ya anavyoweza kusema. Kisa kinachotajwa sana na wanaosomea jambo hili ni cha kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo katika miaka ya 1980 ilitaka kutengeneza mashine ya kuokea mkate nyumbani, lakini mkate ukawa unaungua ganda na kubaki mbichi ndani. Mtaalamu wake wa programu, Ikuko Tanaka, alikwenda kuwa mwanafunzi wa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, akatambua kwamba mwokaji yule alikuwa akiuvuta unga huku akiusokota. Wahandisi wakaiga mkono ule kwa chuma, na mashine ikaingia sokoni mwaka 1987. Msomi wa Kijapani Ikujiro Nonaka alikifanya kisa hicho kuwa mfano mkuu wa ujuzi uliofichika unaogeuzwa kuwa bidhaa. Kuna sehemu ya pili isiyosimuliwa mara nyingi, na binafsi naiona ndiyo tamu zaidi: mwaka 2007 watafiti Rodrigo Ribeiro na Harry Collins walikichambua upya wakadai kwamba mashine ile haikuubeba ujuzi wa mwokaji hata kidogo, bali watu wanaoitumia ndio wanaoziba mapengo yake kwa akili zao wenyewe bila ya kujua kwamba wanafanya hivyo.

Kwa hiyo mwongozo wako, hata ukiuandika kwa ukamilifu, hautakumeza. Utakaowameza ni vijana wale, iwapo watapewa karatasi bila ya mtu wa kukaa nao. Hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea mkurugenzi, nawe uipeleke kabla hujaandika ukurasa wa kwanza: kwamba utaandika, na kwamba kwa muda mtakaokubaliana utakuwa mkufunzi wa vijana hao, jambo hilo liwekwe katika barua ya ajira pamoja na malipo yake. Akikataa kuandika chochote, umekwisha kuijua nia yake. Katika hali hiyo ni vizuri ukumbuke kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimruhusu mwajiri kukuondoa kwa kisingizio cha kupunguza wafanyakazi bila ya notisi isiyopungua mwezi mmoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi.

Kuhusu namna ya kuandika, usiandike orodha ya hatua. Andika mashauri: mzigo fulani ulikuja, tulidai namba fulani, forodha wakadai nyingine, hoja zilikuwa hizi, waraka uliomaliza ubishi ulikuwa huu. Majina ya wateja yaondoe, maana Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu wewe kama inavyoyahusu mashirika makubwa. Sisi watu wa Mvita tuna mfano wetu wa kazi ya namna hiyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalikaa vifuani mwa watu kwa miongo, na mengi yake yalitungwa kwa tukio maalumu au kumjibu mtu maalumu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya mwishoni mwa karne ya 19, akamfafanulia mmisionari Mwingereza William Taylor maneno na makusudio yake, na yakaja kuchapishwa mwaka 1940. Beti pekee, bila ya kujua nani alimwambia nani na kwa sababu gani, nyingi zingetufikia zikiwa mafumbo matupu. Mwongozo wa ofisi usio na visa vya kesi ndivyo unavyokuwa.

Tena usisahau kwamba hiyo nusu unayotaka kuificha inaoza. Namba za Shirika la Forodha Duniani zimerekebishwa mwaka 2012, 2017 na 2022. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005 ukiwa na viwango vitatu vya asilimia 0, 10 na 25, uliongezewa kiwango cha asilimia 35 kuanzia Julai 2022. Mahali pa kazi pia hubadilika kwa tamko: uliona ulivyokuwa uondoaji wa mizigo ulipoelekezwa bandari kavu ya Nairobi baada ya reli mpya kuanza kubeba makontena mwaka 2018, hadi lilipotolewa agizo la kuurudisha hapa Septemba 2022. Anayewafundisha wengine hulazimika kuulizwa kila siku, na maswali yale ndiyo yanayomfanya asome toleo jipya. Anayeficha hulinda toleo la zamani.

Jambo la mwisho kwako, la vitendo: vijana wakikuletea mzigo mgumu, usiwaambie jibu. Waambie waseme wao kwanza na waandike sababu, kisha useme lako. Watakuchukia wiki ya kwanza.

Vyeti vingi, kumbukumbu hakuna

*Shikamoo Maalim. Nimemaliza diploma ya uhasibu, na tangu hapo nimefanya kozi nyingi za mtandaoni, za hesabu za kompyuta na uchambuzi wa takwimu. Vyeti ninavyo. Lakini nikiitwa kwenye usaili na kuulizwa jambo nililolisoma miezi mitatu iliyopita, naona giza. Je, akili yangu ina tatizo?*
— Binti wa Likoni

Marahaba, mwanangu. Akili yako haina tatizo lolote, ila umeifanyia kazi ambayo haikuumbwa kuifanya, yaani kuhifadhi kitu kwa kukitazama tu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akatoa matokeo yaliyoonyesha kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya juhudi ya kujifunza ilikuwa imekwisha kupotea. Video ya somo uliyoitazama ukiwa umejilaza, ukabonyeza jibu la mwisho na cheti kikatoka, hainusuriki na sheria hiyo.

Lipo jaribio la karibuni zaidi ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha mara tatu likatakiwa kukiweka kando na kuandika linachokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza, nao wenyewe waliamini kwamba watakumbuka vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 61, na waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40. Zingatia hapo udanganyifu wa raha, kwa maana njia iliyoonekana nyepesi na yenye kutia moyo ndiyo iliyowapa kidogo.

Wazee wetu wa chuoni, yaani madrasa ya Kurani, walilijua hilo bila ya maabara. Mtoto aliandikiwa somo lake ubaoni, akalidurusu, kisha akalisoma mbele ya mwalimu bila ya kuutazama ubao, na hakuandikiwa jingine mpaka lile limesimama. Naijua lawama inayotolewa dhidi ya mafunzo hayo, kwamba mtoto aweza kusoma juzuu nzima asijue maana ya aya moja, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini dawa yake ni kuongeza ufahamu juu ya kumbukumbu, si kuitupa kumbukumbu kisha tukabaki bila ya vyote viwili.

Basi acha kozi mpya kwa sasa. Chukua moja tu kati ya ulizomaliza. Unapovuka kivuko asubuhi, usifungue simu. Jaribu kueleza moyoni mwako somo la jana tangu mwanzo hadi mwisho, na pale unapokwama, hapo ndipo pa kusoma jioni. Kisha mtafute mtu mwenye hesabu za kweli, iwe ni mjomba mwenye duka Marikiti au chama cha akina mama wa mtaani kwenu, umwekee vitabu vyake kwa mwezi mmoja. Hesabu za kozi huwa zimesafishwa. Za dukani zina deni lililoandikwa nyuma ya pakiti ya sigara na bidhaa iliyochukuliwa na shemeji bila ya kulipiwa. Ukishaweza kueleza kwenye usaili namna ulivyolipanga deni lile, hutaulizwa habari za vyeti kwa muda mrefu.

Programu niliyoitengeneza kazini

*Ndugu Maalim, nimeajiriwa kuwa mtunza stoo katika ghala moja la Shimanzi. Kwa kuwa najua kidogo kuandika programu, nilitengeneza ya kufuatilia mizigo inayoingia na kutoka, na sasa kampuni nzima inaitumia. Mwajiri anasema ni mali yake. Mimi nasema wazo ni langu. Nani ana haki?*
— Mtunza stoo

Huenda nyote wawili mmekosea kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, na kazi iliyofanywa katika utekelezaji wa mkataba wa ajira huwa ya mwajiri isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Sasa, wewe uliajiriwa kutunza stoo. Je, kuandika programu kulikuwa sehemu ya ajira yako? Uliiandika saa za kazi, kwa kompyuta ya nani? Majibu ya maswali hayo, pamoja na mkataba wako, umpelekee wakili kabla hujagombana na mtu.

Ama wazo, halina mwenyewe. Hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoandikwa, hailindi wazo. Paul Romer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2018, alijenga sehemu kubwa ya hoja yake juu ya sifa hiyo: gunia la mchele likiliwa na mmoja halipo kwa mwingine, lakini wazo likitumiwa na ghala moja linabaki zima kwa maghala mengine yote. Mwajiri wako aweza kuishika programu ile. Hawezi kukuzuia usijue ni kwa nini hesabu za stoo hupotea baina ya lango na rafu, na mtu anayelijua hilo aweza kuandika programu nyingine, tofauti, kwa mkataba ulio bora. Usinakili tu ile ya kwanza.

Simu inaandika barua kuliko mimi

*Maalim, nina saiba, duka la huduma za intaneti, karibu na Mwembe Tayari. Zamani watu walikuja niwaandikie barua za kuomba kazi na wasifu wao. Sasa wanazitengeneza kwa akili mnemba kwenye simu, wananijia kuchapisha karatasi tu. Nifunge?*
— Mwenye saiba

Usifunge, lakini badilisha kile unachokitoza fedha. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika ufukweni hapa kwetu, taarifa zilianza kuwa rahisi, na saiba nyingi zilizokuwa zikiishi kwa kuuza dakika za intaneti zikaanza kuona wateja wakihamia kwenye simu zao. Waliobaki, nawe ukiwa mmoja wao, walibaki kwa kuuza msaada wa kujaza fomu. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, sentensi nzuri nazo zimekuwa rahisi. Mwanauchumi Herbert Simon aliliona hili mapema: mwaka 1971 alieleza kwamba taarifa zikijaa, kinachokuwa haba ni umakini wa yule anayezipokea.

Nimekaa katika saiba za mjini nikatazama. Serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa katika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mzee aliyetoka Mtongwe na bahasha yake hajui aanzie wapi. Wewe unajua kwamba ombi lake litarudishwa kwa sababu jina la kitambulisho lina herufi moja zaidi ya lile la cheti cha kuzaliwa. Programu ya akili mnemba haikuiona bahasha ile. Tena programu hizo huweza kusema jambo lisilokuwepo kwa lugha iliyonyooka kabisa, zikataja fomu ambayo hakuna ofisi inayoitoa, na mtu asiye na uzoefu hana cha kumshtua.

Basi weka daftari la maombi yaliyokataliwa: huduma gani, sababu gani, lilirekebishwaje. Baada ya miezi kadhaa litakuwa mali kuliko mashine zako za kuchapisha. Toza ada kwa kukagua ombi kabla ya kutumwa, na hata barua zilizoandikwa na simu zikague, uondoe sifa za uongo ambazo mwombaji atashindwa kuzitetea mbele ya waajiri. Lakini lile daftari jingine, ambalo wenye saiba wengi hulificha chini ya kaunta likiwa na nywila za wateja wao za iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, lichome. Najua wateja wenyewe ndio wanaokuomba uwatunzie. Siku fedha au jina la mtu litakapotumiwa vibaya, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Mimi sikusoma

*Je, huo uchumi wa maarifa mnaousema una nafasi kwa makanika wa Changamwe aliyejifunza gerejini, asiye na karatasi hata moja?*
— Fundi

Peter Drucker, mwandishi wa mambo ya uongozi aliyeanza kulitumia jina la mfanyakazi wa maarifa mwaka 1959, baadaye alisisitiza kwamba wengi wao hufanya kazi kwa mikono, na mfano wake mmoja ulikuwa daktari wa upasuaji. Makanika anayesikiliza injini na kutaja kifaa kilichoharibika kabla ya kufungua boneti yumo humo humo. Kasoro yako ni kwamba mteja mgeni na kampuni ya bima hawana njia ya kulijua hilo.

Ipo njia. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na aliyejifunzia gerejini hazuiwi kuifanya. Anzia la tatu hata kama unajiona umelipita. Kwa kuwa magari mengi yanayoshuka Kilindini sasa yana mota ya umeme pamoja na injini ya petroli, ulizia pia mafunzo ya mifumo hiyo kabla hujagusa nyaya zake za rangi ya machungwa, kwa maana umeme uliomo unaua.